Mkaribishaji Ametoka Kidogo

Nchi ya Stahamili iko mbali, nyuma ya milima na mbele ya maji, wala asitokee msomaji akasema anaijua. Haijui. Na kama mtaani kwake iko ofisi inayofanana na hizi zitakazotajwa humu, basi ni mambo ya kufanana tu, kama watu wawili wafananavyo sura na wala si ndugu. Amshukuru Mungu, aendelee kusoma.

Katika nchi hiyo umo mji mdogo uitwao Kimyani. Watu wa Kimyani wamejaliwa jambo moja lililowashinda majirani zao wote, nalo ni adabu. Mtoto wa Kimyani hufundishwa kupiga hodi kabla hajajua kutambaa. Mtu atakuta mlango wa jirani uko wazi, amwone jirani mwenyewe sebuleni anapepeta mchele, watazamane macho kwa macho, na bado atasimama kizingitini aite, "Hodi!" Mpaka aambiwe karibu ndipo anyanyue mguu. Akiita mara tatu asijibiwe, hurudi kwao, wala hanuni.

Aliyekuwa akiishika adabu hiyo kuliko wote ni Bi. Mwanakheri, mjane wa mtaa wa Mnazini, mtu wa sala na uradi, msema machache muona mengi. Alimlea binti yake wa pekee, Tunu, kwa neno moja: "Kwa watu hakuingiwi kama paka." Tunu akakua nalo, akaolewa nalo na Hemedi, fundi baiskeli, na sasa alikuwa mzito, mimba yake ya kwanza, siku zinahesabika.

Sasa tuingie kwenye serikali, maana tumeshapiga hodi vya kutosha.

*

Mkuu wa Mji wa Kimyani alikuwa Mheshimiwa Tindwa. Siku moja, baada ya chakula cha mchana, Mheshimiwa alikuwa ofisini kwake anatafakari maendeleo ya mji. Alitafakari kwa kuvua viatu, kupandisha miguu mezani na kufumba macho, na tafakuri ilipokolea akawa anakoroma. Akatokea mwananchi aliyekuja kuulizia bomba la maji la mtaani kwao. Akapiga hodi. Mfagiaji wa korido, kwa mazoea aliyoyapata kwa mama yake, akajibu, "Karibu!" Mwananchi akaingia, akaikuta serikali ya mji mdomo wazi, nzi anaranda kwenye jino.

Kesho yake watu waliitwa uwanjani. Mheshimiwa akapanda jukwaani na koti zito, jua likiwa utosini.

"Ndugu wananchi!" akaanza. "Ukarimu wetu umekuwa holela! Kila mtu anasema karibu. Mfagiaji anasema karibu. Tarishi anasema karibu. Juzi kasuku wa pale posta amesema karibu, foleni nzima ikaingia! Nauliza, hii ni serikali au gulio?"

Watu wakanyamaza, kwa kuwa waliulizwa kwa ukali.

"Kuanzia leo, katika majengo yote ya umma, neno karibu litasemwa na mtaalamu! Ukarimu ni sayansi!"

Watu wakapiga makofi. Msiwalaumu. Kimyani mtu akimaliza kusema hupigiwa makofi, hata akiwa amekutukana.

Mtaalamu mwenyewe akaletwa. Aliitwa Bwana Mwinyikondo, Afisa Mkaribishaji, mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya mtu aliyelala vizuri. Inasemekana alisomea kukaribisha nchi za baridi, ambako watu hawakaribishani kabisa, kwa hiyo alisoma kwa bidii sana. Alikuwa mmoja kwa mji mzima, na miji mingine ya Stahamili ikaiga, kila mji ukaajiri wake. Leo posta, kesho mahakamani, keshokutwa idara ya maji. Akifika hukohoa, hutazama dari, husema "Karibuni" mara moja tu, kisha hupanda gari lake. Aliyewahi kuingia, kaingia. Aliyekuwa amejikwaa, asubiri mzunguko mwingine.

Na milangoni? Nchi nyingine hufunga ofisi zao kwa makufuli, minyororo na mbwa. Stahamili hawakujitia kwenye gharama hizo. Walinunua pazia. Kila mlango wa umma ukatundikwa pazia la kijani, jepesi, la kitambaa cha shimizi. Mbuzi angeweza kulipita. Mbuzi walilipita, kwa kweli. Lakini watu wa Kimyani, waliolelewa wakaleleka, walisimama nje wakingoja, wala hakuna aliyeligusa kwa kidole.

*

Mji ukaendelea vizuri sana.

Nyumba ya mzee mmoja ilishika moto. Zimamoto walifika upesi, jambo ambalo halijapata kutokea, na gari lao lilikuwa na maji, jambo ambalo watu mpaka leo wanalisimulia. Wakashuka, wakapanga mstari, wakapiga hodi. Hakujibu mtu, maana wenye nyumba wote walikuwa nje wanalia. "Sisi ndio wenyewe! Karibuni!" wakapiga kelele. Mkubwa wa zimamoto akawajibu kwa upole kwamba karibu husemwa na aliye ndani. Mtu wa nje hakaribishi, hukaribishwa. Wakapiga hodi ya tatu, paa likaanguka, wakatoa pole na kuondoka. Jioni redio ya mji ikawapongeza kwa nidhamu.

Bomba kubwa likapasuka barabarani. Mafundi wa maji wakaja na masepetu, wakakuta shimo. Shimo lilikuwa mali ya umma. Wakapiga hodi shimoni.

Wezi peke yao ndio waliopata tabu. Walikuwa wamezoea kuingia bila hodi, na sasa wakionekana wamekaa ndani ya ofisi kwa utulivu, watu walidhani ni watumishi, wanawaletea shida zao dirishani.

*

Tunu alishikwa na uchungu asubuhi, jua linachomoza. Hemedi akamkalisha kwenye keria ya baiskeli yake, akaikokota polepole, Bi. Mwanakheri ubavuni amebeba kikapu: kanga, wembe mpya, pamba, chupa ya uji. Wakafika kwenye zahanati ya mji.

Zahanati hiyo Bi. Mwanakheri aliijua tangu haijawa zahanati. Ilipojengwa, yeye na wanawake wa Mnazini walibeba mchanga kwa vichwa kutoka bondeni, msimu mzima, mpaka nywele za utosini zikamkatika na hazikurudi tena. Juu ya mlango palikuwa na maandishi makubwa ya rangi nyekundu: MALI YA WANANCHI. Chini ya maandishi kulikuwa na pazia. Na nje ya pazia, kuanzia kizingitini mpaka kwenye ukuta wa jirani, walikuwa wananchi.

"Hodi!" akaita Bi. Mwanakheri.

Foleni nzima ikageuka kumtazama kwa huruma, kama watu wa kisiwani wanavyomtazama mgeni anayeuliza meli inaondoka saa ngapi.

Mlinzi wa mlangoni, kijana wa pale pale Mnazini aitwaye Chande, akaweka rungu chini, akainama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, Chande, mwanangu. Mwenzio ana uchungu."

"Naona, mama. Poleni. Mkaribishaji ametoka kidogo."

"Ametoka tangu lini?"

Chande akatazama ardhi. "Mama, mimi ni mtu wa zamu. Hilo ni swali la menejimenti."

Kidawa, muuza vitumbua, mwanamke mwenye mdomo usiolala, aliyekuwa amepanga sinia lake katikati ya foleni, akacheka mpaka kanga ikamvuka bega. "Bi. Mkubwa, utangoja! Mimi nilimleta mwanangu ana surua. Kapona hapa hapa mstarini, sasa kaanza kunisaidia kuuza. Mnataka dawa gani tena nyie? Foleni yenyewe dawa!"

"Kidawa, acha mzaha, mtoto anaumwa," akasema Bi. Mwanakheri.

"Sicheki mtoto, shoga yangu. Nacheka pazia."

Bi. Mwanakheri akasogea mpaka mdomo wake ukawa karibu kugusa kitambaa. "Humo ndani kuna mtu?"

"Nipo, mama," ikajibu sauti ya kike, nzuri, iliyochoka. Ilikuwa ya Nesi Venosa, mzalishaji wa zahanati. "Nawasikia tangu mnafika. Poleni sana. Uchungu unakuja kwa kufuatana?"

"Unafuatana. Mwanangu Venosa, sema karibu."

"Mama yangu wee, ningependa. Lakini kukaribisha siyo kada yangu. Mwenzangu wa dawa alisema karibu kwa bahati mbaya, alipiga chafya tu, neno likamtoka. Wamemhamishia kisiwa ambacho hata ramani hawana uhakika nacho."

"Basi toka wewe, umtazame huku nje."

"Nikitoka, mama, na mimi nitakuwa nje. Nani atanikaribisha ndani? Hapa nilipo sijatoka tangu Bwana Mwinyikondo alipopita mara ya mwisho. Nyumbani wananiletea wali dirishani. Mume wangu amenipungia mkono jana, nimemwona amekonda."

Tunu akaguna, akaushika mkono wa mama yake kama mtu anayekamua nguo. Bi. Mwanakheri akamgeukia mkwewe. "Hemedi, baba, panda baiskeli. Kamtafute huyo mkaribishaji popote alipo."

Hemedi akapanda, akaondoka hata kengele hakupiga.

*

Jua likapanda. Kidawa akaukunjua mwavuli wake juu ya Tunu bila kuombwa, akaacha vitumbua vipigwe na jua. Wanawake wakatandika kanga chini. Nesi Venosa, nyuma ya pazia, alifanya kazi yake yote kwa mdomo.

"Apumue taratibu. Asisukume bado. Mama, mgongo wake usugue hapo chini, kwenye kiuno. Hapo hapo."

"Wewe unajuaje nimeshika wapi?"

"Upepo ukipuliza naona, mama."

Ni kweli. Upepo ulipopuliza, pazia lilijaa kama shavu la mtu anayepuliza moto, likanyanyuka mpaka magotini, mpaka kiunoni, na watu wote wakaona ndani: kitanda cha chuma kimetandikwa shuka jeupe, sinia la vifaa limefunikwa, ndoo ya maji safi, na Nesi Venosa amesimama na glovu zake tayari, mikono juu. Kisha pazia likashuka, na watu wote wakainamisha macho kwa haya, kana kwamba wamechungulia chumbani kwa mtu.

Hemedi akarudi, shati limemganda mgongoni.

"Umempata?" akauliza Bi. Mwanakheri.

"Nimempata, mama. Yuko kwenye Semina ya Taifa ya Ukarimu, pale ukumbi mpya. Wakaribishaji wa miji yote ya Stahamili wako pale."

"Sasa mbona hukuja naye?"

"Mama, semina haijaanza. Wako nje. Wote. Wamepiga hodi, na wa kuwaambia karibu hayupo ndani, kwa sababu wote wa kusema karibu ndio hao walio nje. Wamejipanga kwenye ngazi na mabegi yao. Nikamwambia Bwana Mwinyikondo, mke wangu anajifungua. Kanisikiliza vizuri sana. Kasema hawezi kuondoka kabla ya kuingia, maana mtu hawezi kutoka mahali ambapo hajaingia."

Foleni ikaguna. Mzee mmoja akasema hiyo kweli ina hekima. Kidawa akamtupia macho, mzee akajifanya anakohoa.

Ndipo Tunu akapiga ukelele ambao Bi. Mwanakheri hajapata kuusikia kwa mwanawe.

Nesi Venosa akasogea mpaka pazia likapata umbo la uso wake. "Mama," akasema, na sasa sauti haikuwa ya kuchoka, ilikuwa ya kuogopa. "Mtoto huyu si wa kuzaliwa mavumbini. Kwa alivyokuwa akikaa nilipompima mwezi ule, nahisi anakuja kwa makalio. Mleteni ndani. Sisemi karibu. Nasema mleteni."

Chande akashika rungu lake kwa mikono miwili. "Mama, naomba usiniweke kwenye majaribu. Nina watoto."

*

Bi. Mwanakheri akasimama mbele ya pazia. Aliliogopa. Tusimwongezee ushujaa asiokuwa nao. Maisha yake yote hajaingia mahali bila kuambiwa karibu, hata jikoni kwa mwanawe alikuwa akikohoa kwanza. Akaona marehemu mumewe anamtazama, na walimu wake wa madrasa, na mama yake mzazi aliyempiga kofi utotoni kwa kuingia kwa jirani kufuata mpira. Akamuomba Mungu, "Ya Rabi, kama hii ni nyumba ya watu, nizuie."

Akainua macho juu, kwa kuwa ndiko maombi yanakokwenda. Akasoma kwa kuunganisha herufi, polepole, kama alivyofundishwa: MALI YA WANANCHI.

"Chande."

"Naam, mama."

"Hii nyumba ya nani?"

"Ya serikali, mama."

"Pale juu wameandika nini?"

Chande akasoma. Akasoma tena. Alikuwa amekaa chini ya maandishi yale tangu aajiriwe na hajawahi kuyainulia macho. "Mali ya wananchi."

"Mimi ni nani?"

"Wewe ni Bi. Mwanakheri."

"Mwananchi au si mwananchi?"

"Mwananchi, mama. Hata kura tunapiga kituo kimoja."

"Mchanga wa ukuta huo nimeubeba mimi, kwa kichwa hiki." Akavuta mtandio nyuma kidogo, akamwonyesha pale utosini pasipo na nywele, kisha akajifunika upesi kwa staha. "Mwanangu, umeshamwona mwenye nyumba akipiga hodi kwake?"

Chande akatafuta kichwani mwake amri inayomhusu mtu anayeingia kwake. Alikuwa na amri za wavamizi, za wazururaji, za waandishi wa habari na za mbuzi. Hiyo akaikosa. Akasogea hatua moja pembeni, akatazama mawingu.

"Bismillahi," akasema Bi. Mwanakheri, akalisogeza pazia kwa mkono wa kulia.

Haikulia kengele. Halikuanguka jengo. Kitambaa kilisogea kama kinavyosogea kitambaa. Akavua ndala zake, akaingia, akageuka, na kwa sauti iliyofika mpaka ukuta wa jirani akasema:

"Karibu, Tunu mwanangu. Karibu kwetu." Kisha akawatazama wale wengine wote, wenye vikohozi na madonda, wenye watoto migongoni. "Na nyie karibuni. Mnangoja nini? Mwenye nyumba kasema."

Watu wakaingia. Hawakusukumana. Kila mmoja alivua viatu mlangoni, akasema ahsante.

*

Mtoto alitangulia makalio, kama Nesi Venosa alivyohofia, na kama angekuja pale nje mavumbini hadithi hii isingesimulika kwa kucheka. Nesi alifanya kazi jasho linamdondoka, Kidawa anashika taa, Bi. Mwanakheri anasoma dua kimoyomoyo na kwa midomo. Mtoto akatoka, Nesi akamfuta uso, akamsugua mgongo. Kisha kikatoka kilio.

"Wa kike," akasema Nesi Venosa, akaketi chini sakafuni, akaanza kulia na yeye. Vigelegele vikapigwa mpaka mbuzi waliokuwa chumba cha dawa wakatoka mbio.

Habari zikamfikia Mheshimiwa Tindwa kwamba zahanati imepinduliwa. Akaja na msafara, na koti lake, na Bwana Mwinyikondo waliyemnyakua kutoka kwenye ngazi za semina na begi lake, na mtu wa redio ya mji ameshika kipaza sauti. Wakafika mlangoni. Pazia lilikuwa limeshuka, kwa kuwa ndani kuna mzazi, na mzazi husitiriwa.

Mheshimiwa akanyanyua mkono alisogeze. Mtu wa redio akamsogezea kipaza sauti. Mkono ukasimama hewani. Sheria ilikuwa yake, sahihi yake, na mji mzima unasikiliza. Tena alikuwa mtoto wa Kimyani.

"Hodi!" akasema.

Ndani kukasikika mtu anamimina uji.

"Mwinyikondo, si useme karibu wewe!"

"Mheshimiwa, nipo nje," akajibu Bwana Mwinyikondo kwa huzuni ya kitaalamu. "Karibu husemwa na aliye ndani. Kifungu chako cha kwanza."

"Hodi!"

"Nani?" ikauliza sauti ya Bi. Mwanakheri.

"Serikali!"

"Shikamoo, serikali."

"Marahaba. Fungueni mlango!"

"Haukufungwa, baba. Ni pazia."

Upepo ukapuliza. Pazia likanyanyuka mpaka kiunoni, Mheshimiwa akaona kila kitu: foleni yote imekaa kwenye mabenchi, mtu wa madonda, mtu wa kikohozi, na kitandani Tunu amejiegemeza, na kifuani kwake kifurushi cha kanga. Pazia likashuka. Mheshimiwa akainamisha macho.

"Hodi," akasema mara ya tatu, na sasa kwa sauti ya mtu. "Bi. Mkubwa, jua kali huku. Humo ndani anayekaribisha siku hizi ni nani?"

"Yupo," akasema Bi. Mwanakheri. "Kashika ziwa sasa hivi. Subiri anyonye, ashibe, alale. Akiamka tutamuuliza."

Chande akamsogezea Mheshimiwa lile sinia tupu la vitumbua, aligeuze alikalie.